Tabochaja kwa Injini ya Zamani ya Silinda Sita

Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, gari la Datsun 240Z lilishinda Mashindano ya Magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Mara ya kwanza liliendeshwa na Edgar Herrmann akiwa pamoja na Hans Schüller. Mara ya pili na Shekhar Mehta akiwa pamoja na Lofty Drews. Injini ya gari hilo ilikuwa na silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, na ujazo wake ulikuwa sentimita za ujazo 2,393. Haikuwa na tabochaja. Hewa yote iliyoingia ndani yake ilivutwa na pistoni zenyewe, na injini ya namna hiyo inapopanda kutoka pwani kwenda nyanda za juu hupungukiwa na pumzi kama apungukiwavyo mtu apandaye mlima.

Magari ya aina hiyo sasa yana umri wa nusu karne, na yapo ambayo bado yanatunzwa na kuendeshwa barabarani. Aghalabu mwenye gari anapokwisha kuifufua injini huanza kufikiri juu ya kuiongezea nguvu, na njia inayomjia kwanza akilini ni tabochaja. Katika kuichagua, watu wengi huuliza ni tabochaja ipi iliyo kubwa kuliko zote ambayo inaweza kuingia chini ya boneti. Swali hilo limeharibu injini nyingi. Tabochaja ifaayo kwa gari la barabarani ni ile inayolingana na kiasi cha hewa ambacho injini inaweza kukimeza kwa mwendo inaotumiwa kila siku, na ambayo joto lake linaweza kuvumiliwa na pistoni zilizomo. Mambo hayo mawili, yaani kiasi cha hewa na kiasi cha joto, yanaweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi kabla ya kutumia hata senti moja.

Tabochaja ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini yenyewe. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza, yaani tabini, huwekwa katika njia ya eksosi, na kuzungushwa na gesi ambazo injini ikifanya kazi nzito huwa na halijoto ya nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi. Gurudumu la pili, yaani kompresa, huvuta hewa safi na kuisukumiza kuelekea kwenye silinda. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa njia hiyo sehemu ya nishati iliyokuwa ikitupwa nje pamoja na moshi hurudishwa kazini. Hata hivyo nishati hiyo si ya bure kabisa, kwani tabini huibana njia ya moshi, na pistoni hulazimika kutumia nguvu kidogo zaidi kuutoa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, katika jimbo la Colorado, kwenye kimo cha mita 4,300 hivi, akaonyesha kwamba tabochaja inaweza kuirudishia injini nguvu inazozikosa kwa sababu ya wepesi wa hewa ya juu. Magari madogo yaliingia katika habari hii baadaye sana. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari mawili yenye tabochaja, na moja kati ya hayo, Chevrolet Corvair, lilikuwa na silinda sita. Kwa upande wa Japani, gari dogo la kwanza la kuuzwa likiwa na tabochaja lilikuwa Nissan Cedric la mwisho wa mwaka 1979, ambalo injini yake ya lita mbili ilikuwa ya ukoo uleule wa injini ya 240Z. Mwaka 1981 wahandisi hao hao waliiweka tabochaja kwenye L28, ambayo ni injini kubwa zaidi ya ukoo huo, katika gari la 280ZX. Kwa hiyo mwenye injini ya zamani ya aina hii ana bahati ambayo wenye injini nyingine hawana: waliounda injini yake wamekwisha kulijibu swali lake, na jibu lao linaweza kuchunguzwa.

Tuanze na hesabu ya hewa. Ujazo wa L28 ni lita 2.75. Kwa kuwa ni injini ya mapigo manne, kila silinda hujazwa mara moja kwa mizunguko miwili ya krenki. Injini ikizunguka mara 5,600 kwa dakika, hujaza ujazo wake mara 2,800, yaani lita 7,700. Lakini hakuna silinda inayojaa barabara, maana vali na mabomba huizuia hewa. Katika injini ya zamani kujaa kwa asilimia 85 ni kadirio la haki. Zinabaki lita 6,550 hivi. Mjini Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.16, basi injini hupata kilo 7.6 za hewa kila dakika. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wahandisi husema kwamba katika injini ya petroli kila kilo moja ya hewa kwa dakika huzaa takriban nguvu-farasi 20. Kwa hesabu hiyo L28 isiyo na tabochaja ingetoa nguvu-farasi 152. Kiwanda kilitangaza 145 kwa gari la mwaka 1981. Kadirio si baya.

Sasa ichukuliwe kwamba tabochaja inaongeza kanieneo ya kilopaskali 50 juu ya ile ya angahewa, ambayo katika usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Hewa inayoingia katika silinda ina kanieneo mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Mtu angetazamia kwamba na nguvu nazo zitakuwa mara moja na nusu, yaani kiasi cha nguvu-farasi 228. Matumaini hayo hayatimii, kwa kuwa hewa inapokandamizwa hupata joto, kama kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baisikeli kwa pampu ya mkono ajuavyo. Kompresa nzuri, yenye ufanisi wa asilimia 70, itaipandisha hewa ya nyuzi 30 hadi kufikia nyuzi 83. Hewa ya moto ni nyepesi. Ukizingatia kanieneo na joto kwa pamoja, uzito wa hewa huongezeka kwa asilimia 28 tu, kutoka kilo 7.6 hadi 9.7, na nguvu hukaribia farasi 194. Kiwanda kilitumia kanieneo pungufu kidogo ya kilopaskali 50, hakikuweka kipoza hewa, na kilipata nguvu-farasi 180.

Kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, ni kama rejeta ndogo inayowekwa mbele ya gari ili hewa iliyokandamizwa ipite na kupozwa na upepo kabla ya kuingia katika injini. Kikiondoa asilimia 70 ya lile joto lililoongezwa, hewa hushuka hadi nyuzi 46. Hata tukikata kidogo kwa ajili ya kanieneo inayopotea katika mabomba yake, uzito wa hewa utakuwa umeongezeka kwa asilimia 40 badala ya 28. Faida hiyo imepatikana bila ya kuongeza kanieneo hata kidogo. Lakini nguvu si sababu kubwa ya kukitumia kifaa hiki. Sababu kubwa ni usalama wa pistoni.

Katika injini ya petroli, plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli mahali pamoja, na mwali husambaa kwa mpangilio mpaka pembeni mwa silinda. Mchanganyiko uliobaki pembeni ukiwa na joto na kanieneo kupita kiasi, hulipuka wenyewe kabla mwali haujaufikia. Huko ndiko kugonga kwa injini, na sauti yake hufanana na ya changarawe zikitikiswa ndani ya kopo. Katika injini ya kawaida sauti hiyo ni onyo. Katika injini yenye tabochaja aghalabu dereva huisikia kwa kuchelewa: katika muda wa sekunde chache kingo zinazoshika ringi za pistoni huweza kuvunjika, gasketi ya silinda hedi ikaungua, au pistoni ikatoboka katikati kama karatasi iliyochomwa kwa sigara. Pesa za watu wengi zimepotelea hapa.

Mambo manne huisogeza injini karibu na mlipuko huo: kanieneo ya kuingilia, joto la hewa, petroli hafifu, na uwiano wa mkandamizo, yaani ni mara ngapi pistoni huubana mchanganyiko kabla haujawashwa. L28 ya mwaka 1981 isiyo na tabochaja ilikuwa na uwiano wa 8.8, ile yenye tabochaja ilishushwa hadi 7.4, kwa kupewa pistoni zilizochimbwa kidogo juu yake kama kisahani. Tofauti hiyo ndiyo somo kubwa ambalo kiwanda kimewaachia mafundi. L24 ya 240Z ilikuwa na uwiano wa 9 hivi. Mwenye injini hiyo akitaka kuifunga tabochaja bila ya kugusa pistoni, afadhali asizidishe kilopaskali 35, atumie kipoza hewa, na acheleweshe cheche kwa kiasi cha digrii moja na nusu kwa kila kilopaskali 7 hadi 10 zilizoongezwa. Wako wanaoshusha uwiano kwa kuweka gasketi nene zaidi. Njia hiyo ni rahisi, lakini si nzuri, maana huongeza nafasi pembezoni mwa silinda, mahali palepale ambapo mlipuko huanzia, na hupunguza ule msukosuko wa mchanganyiko unaosaidia mwali kusambaa upesi. Kubadilisha pistoni ni gharama kubwa zaidi, lakini ni gharama ya mara moja.

Baada ya hapo ndipo inapofaa kuzungumzia ukubwa wa tabochaja.

Kila kompresa ina ramani yake, nayo hutolewa na mtengenezaji. Ni mchoro unaoonyesha, kwa kila kiasi cha hewa na kila uwiano wa kanieneo, kompresa inafanya kazi kwa ufanisi gani. Katikati ya mchoro pana kisiwa cha ufanisi mkubwa. Upande wa kulia hewa huwa nyingi mno kwa gurudumu, ufanisi huanguka, na kompresa hugeuka kuwa tanuri. Upande wa kushoto pana mstari ambao haufai kuvukwa: hewa ikiwa kidogo mno kwa kanieneo inayotakiwa, mkondo hugeuka na kurudi nyuma, ukaenda mbele tena, mara nyingi kwa sekunde moja, na kutetemeka huko huharibu fani za mhimili. Injini ya mfano wetu inahitaji kilo 9.7 za hewa kwa dakika kwenye mizunguko 5,600. Kwenye mizunguko 2,500 inahitaji kilo 4.3 tu kwa kanieneo ileile. Kompresa ifaayo ni ile ambayo nukta hizo mbili zote zinaangukia ndani ya ramani yake, na nukta za katikati zinapita juu ya kisiwa au karibu nacho. Tabochaja iliyoundwa kwa nguvu-farasi 500 itaiweka nukta ya kwanza pembeni kabisa upande wa kushoto, na ya pili nje ya mstari.

Upande wa tabini nako kuna uchaguzi. Gesi za eksosi huingia kwa njia iliyoviringana kama konokono, na wepesi wa tabini hutegemea upana wa njia hiyo. Kipimo chake ni eneo la njia likigawanywa kwa umbali wake kutoka katikati ya mhimili. Kwa tabochaja za aina ya Garrett T3, ambayo ndiyo iliyofungwa katika L28 ya kiwanda, zilipatikana nyumba zenye vipimo vya 0.48, 0.63 na 0.82. Nyumba ndogo huharakisha gesi, na tabini huamka mapema. Lakini injini inapozunguka kwa kasi sana njia hiyo huwa finyu, moshi hurundikana, na silinda hazitoi uchafu wote. Nyumba kubwa huwa na tabia iliyo kinyume.

Hapa inapasa kuangalia jinsi gari linavyotumiwa. Gari la 240Z lenye gia nne, likienda kilomita 100 kwa saa katika gia ya juu, injini yake huzunguka kwa kasi inayokaribia mara 3,000 kwa dakika. Dereva anayetaka kulipita lori kwenye njia ya kupanda anahitaji nguvu papo hapo, kuanzia mizunguko hiyo. Tabochaja inayoamka kwenye 4,500 haimsaidii: atakanyaga mafuta, atangoja, na nguvu zitakuja zote kwa mkupuo pengine akiwa tayari katikati ya kona. L28 ya kiwanda ilitoa msokoto wake mkubwa kabisa kwenye mizunguko 2,800, na hilo halikutokea kwa bahati. Kwa injini ya lita 2.4 hadi 2.8 ya kutumika barabarani, tabochaja ya ukubwa wa T3 yenye nyumba ya 0.48 au 0.63 ni chaguo la busara, na la 0.82 liachiwe mashindano. Tabochaja za siku hizi, zenye mapanga yaliyochongwa vizuri zaidi na mhimili unaozunguka juu ya gololi, huamka mapema zaidi kwa ukubwa uleule. Kwa hiyo mwenye uwezo anaweza kwenda hatua moja juu bila ya kupoteza kitu.

Huulizwa pia kama si bora kufunga tabochaja mbili ndogo badala ya moja. Silinda sita hugawanyika vizuri katika makundi mawili ya tatu tatu, na kwa kuwa utaratibu wa kuwaka katika injini hizi ni 1-5-3-6-2-4, kundi la mbele na la nyuma hupokezana, kiasi kwamba pigo la moshi la silinda moja haliisumbui nyingine. Nissan yenyewe ilifanya hivyo katika injini yake ya RB26DETT ya mwaka 1989. Lakini katika L24 na L28 bomba la kuingizia hewa na bomba la eksosi yote yako upande mmoja wa silinda hedi, la kwanza juu na la pili chini yake. Nafasi ni finyu, na joto la eksosi hupanda moja kwa moja kwenye kabureta. Tabochaja mbili mahali hapo ni msongamano usio na faida inayolingana na taabu yake. Faida ya kupokezana kwa mapigo inaweza kupatikana kwa tabochaja moja ambayo nyumba ya tabini yake imegawanywa njia mbili.

Suala la petroli ndilo linalowashinda wengi wanaofunga wenyewe. Kabureta mbili za 240Z zilipimwa kwa hewa ya angahewa. Tabochaja ikivuta hewa kupitia kabureta, petroli husafiri njia ndefu ikiwa imechanganyika na hewa, huganda kwenye kuta za mabomba injini ikiwa baridi, na haifai kabisa kupitishwa katika kipoza hewa, kwani kifaa hicho kingekuwa chombo kilichojaa mchanganyiko wa kulipuka mbele ya gari. Tabochaja ikisukuma hewa ndani ya kabureta, bakuli la kabureta nalo lazima lipate kanieneo ileile, na pampu ya petroli iweze kuishinda kanieneo hiyo. La sivyo petroli hukoma kutiririka wakati ule ule inapohitajiwa zaidi. Njia ya kuaminika ni kutumia mfumo wa kunyunyizia petroli unaoongozwa na kompyuta ndogo, ambayo hupima kanieneo na joto la hewa na kupanga petroli na cheche kwa pamoja. Injini ikienda kwa mwendo wa kawaida, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli zinatosha. Tabochaja ikisukuma, mchanganyiko uwe mzito zaidi, sehemu 12 hivi kwa moja, maana petroli ya ziada huipoza silinda. Kompyuta hizo sasa si adimu, na fedha inayotumika kwazo ina maana kuliko fedha inayotumika kwa tabochaja ya bei kubwa.

Mwinuko wa nchi nao una hesabu yake. Jijini Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 82 tu. Injini isiyo na tabochaja imekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya tano ya hewa yake. Tabochaja iliyopangwa kuongeza kilopaskali 50 huipatia injini kilopaskali 132, ambazo ni nyingi kuliko hewa ya Mombasa. Lakini ili kufanya hivyo uwiano wake wa kanieneo si 1.5 tena bali 1.6. Fundi akitaka kufikia zile kilopaskali 151 za pwani, uwiano hupanda hadi 1.84, na hewa inayotoka katika kompresa hupita nyuzi 100. Mhimili huzunguka kwa kasi zaidi kwa kazi ileile. Kwa sababu hiyo ramani ya kompresa ya gari la nyanda za juu isomwe kwa uwiano wa huko, na nafasi ya akiba iachwe upande wa kulia. Vilevile gari lililopangwa Nairobi likateremka pwani hukuta hewa nzito zaidi, na mchanganyiko uliokuwa salama juu unaweza kuwa hatari chini, ikiwa kompyuta yake haipimi kanieneo ya angahewa.

Oili haistahili kusahauliwa. Mhimili wa tabochaja huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayotoka katika injini. Bomba la kuirudisha liwe pana na lishuke moja kwa moja hadi kwenye sampu, bila ya kupanda popote, maana oili inayotoka imejaa povu na haina kanieneo ya kuisukuma. Injini ikizimwa ghafla baada ya safari ya kasi, oili iliyobaki ndani ya nyumba ya moto huungua na kuacha masizi magumu yanayoziba njia. Dakika moja au mbili za kuiacha injini ikinguruma polepole kabla ya kuizima zinatosha kuiokoa. Anayenunua tabochaja iliyotumika aushike mhimili kwa vidole na kuutikisa: mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida kwa aina isiyo na gololi, lakini mapanga yakigusa ukuta wa nyumba, au mhimili ukienda mbele na nyuma kwa namna inayoonekana kwa macho, hiyo ni chuma chakavu.

Kabla ya yote hayo, injini ipimwe mkandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, fedha ya tabochaja itumike kwanza kwa ringi, vali na gasketi. Rejeta isafishwe, na klachi na breki zikaguliwe, kwa kuwa 240Z lilitoka kiwandani na breki za diski mbele tu.

Kazi ikikamilika, ile vali inayopitisha moshi pembeni ya tabini kanieneo inapofika kikomo, ambayo mafundi huiita westigeti, ianze na springi iliyo dhaifu kuliko zote, ya kilopaskali 35 au pungufu. Gari liendeshwe hivyo kwa juma moja au mawili, huku kipimo cha mchanganyiko kikiwa kimefungwa katika eksosi na plagi zikifunguliwa na kutazamwa. Plagi yenye rangi ya udongo mkavu inaonyesha kwamba mambo yako sawa. Vidonge vidogo vya alumini vinavyong'aa juu ya kauri yake vimetoka kwenye pistoni, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka chanzo kipatikane.